Kaniki Haitakati

Shuleni wenzangu walinitania kwamba kaniki haitakati hata ukiifua kwa sabuni, nami nikawa natembea nimeinamisha uso. Juma hili nimemkumbuka Ismael Rivera, mwashi wa Puerto Rico aliyegeuka mwimbaji. Mwaka 1962 alikamatwa na dawa za kulevya, akafungwa. Alipotoka gerezani alianza upya. Mwaka 1978 akaimba "Las caras lindas", utungo wa Tite Curet Alonso unaosifu nyuso nzuri za watu wao weusi, wajukuu wa watumwa walioachiwa huru kisiwani humo mwaka 1873. Kihispania sikijui. Lakini tangu nilipoelezwa maana ya wimbo ule, kaniki yangu naivaa kwa fahari. Tukutane juma lijalo.