Mimea ya Mlima Kenya inavyostahimili barafu ya kila usiku

MKULIMA wa viazi huko Kieni, Nyeri, huweza kupoteza shamba zima kwa usiku mmoja wa jalidi. Ilhali juu mlimani, katika Bonde la Teleki lililo takriban mita 4,200 kutoka usawa wa bahari, kuna mimea ambayo huganda karibu kila usiku na asubuhi huendelea kukua. Siri ni mahali barafu inapoanzia, na kasi ya kuenea kwake.

Wengi hufunzwa shuleni kwamba maji huganda yakifika nyuzi sifuri. Kauli hiyo ina kasoro. Kwa kipimo hicho barafu yaweza kuwepo, lakini hailazimiki kuanza. Molekuli za maji hazitulii. Hushikana na kuachana bila kukoma, na mara chache, kwa bahati tu, baadhi yake hujipanga kama barafu. Kipande kikiwa kidogo mno husambaratika, kwa kuwa kuuunda uso wake hudai nishati nyingi kuliko ile inayopatikana ndani yake. Kikivuka ukubwa fulani, hukua chenyewe. Kukadiria bahati hiyo ni kazi ya umakanika wa takwimu, tawi la fizikia lililoasisiwa katika karne ya 19 na wataalamu kama vile Ludwig Boltzmann wa Austria na J. Willard Gibbs wa Marekani. Matone madogo ya maji safi huweza kubaki bila kuganda hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri.

Kungoja hivyo ni hatari kwa mmea, kwani maji yaliyopoa kupita kiasi huganda ghafla, na barafu ikizuka ndani ya seli huiua. Lobelia telekii, uliopewa jina la Samuel Teleki, mwana wa ukabaila kutoka Hungaria aliyefika mlimani humo mwaka 1887, hufanya kinyume. Shina lake refu la maua lina uwazi wenye majimaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa majimaji hayo yana viini vinavyoyaanzisha kuganda mapema, joto likishuka kidogo tu chini ya sifuri. Gramu moja ya maji ikiganda hutoa joto sawa na linalotoka gramu hiyo ikipoa kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Sehemu ya majimaji huganda polepole, na joto hilo huukinga moyo wa shina hadi alfajiri.

Dendrosenecio keniodendron, ule mti wenye kichwa kama kabichi kubwa, una njia nyingine. Erwin Beck wa Ujerumani na wenzake walieleza katika miaka ya 1980 kwamba barafu ya majani yake hujengeka nje ya seli. Maji hutoka ndani taratibu kuifuata, hadi utomvu uliobaki unakolea kiasi cha kulingana na barafu hiyo. Jua likichomoza, barafu huyeyuka na maji hurudi.

Jani la kiazi halivumilii barafu ya aina yoyote, hivyo kwake kuanza mapema ni maafa. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya majani, ana protini inayozipanga molekuli za maji kama barafu na kuyagandisha kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Bila bakteria wa namna hiyo, mimea mingi dhaifu ingeweza kupoa nyuzi kadhaa zaidi bila kuganda.