Kuta za Pate Zatuuliza

Wengi wetu tumeusikia Al-Inkishafi ukisomwa, tukatikisa vichwa kwa utamu wa sauti, kisha tukaenda zetu. Hebu leo tuangalie ulitoka wapi.

Utenzi huu ulitungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19. Alichokuwa akikitazama ni mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Majumba yake yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Ndani, ukutani, mlikuwa na vidaka safu juu ya safu, na humo zikipangwa sahani za kaure kutoka Uchina. Mgeni akiingia tu, ajua hapa pana mali.

Sasa mshairi akafanya nini? Hakutuambia tu kwamba dunia ni ya kupita. Hilo nani halijui? Alituingiza ndani ya majumba yale yale. Kwenye vidaka vya sahani wamelala makinda ya ndege, na juu wananing'inia popo. Ukuta uliokuwa fahari umekuwa shahidi.

Na ni nani aliyeuangusha mji huu? Usikimbilie kusema Mreno. Ni kweli Wareno waliisumbua sana Pate katika karne ya 17, lakini Waomani waliwatoa Fort Jesus mwaka 1698 na Pate ikabaki imesimama. Kilichoidhoofisha zaidi ni fitina: wakubwa kugombania ufalme, na vita na majirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Pate na Wamazrui wa Mombasa waliivamia Lamu, wakashindwa vibaya pale Shela. Waislamu kwa Waislamu, tena ndugu wa lugha moja!

Ukienda Pate leo utaona tumbaku imelimwa katikati ya magofu.

Lakini angalia jambo moja, ndugu yangu. Sayyid Abdallah angeweza kuwanyooshea kidole masultani. Hakufanya hivyo. Aliyemkemea ni moyo wake mwenyewe, akauonyesha magofu na kuuliza utazinduka lini. Basi usiku mmoja wa mwezi huu, kabla hatujaanza habari za fulani na fulani, tuiulize na mioyo yetu swali hilo hilo.

Wallahu a'lam.