Ngitili: Malisho Yaliyofungwa kwa Neno la Mkutano

Mara nyingi tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Safari hii tutazungumza historia. Pengine utauliza, historia itanisaidia nini mimi mwenye jembe mkononi? Subiri kidogo. Habari hii ni ya ardhi iliyochakaa karibu kabisa, halafu ikapona. Na walioiponya zaidi ni wanavijiji wenyewe, kwa mikutano yao na sheria zao.

Twende Usukumani, katika nchi ya Shinyanga, kusini ya Ziwa Viktoria. Mvua ya huko ni kiasi cha milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo haina ahadi. Leo inanyesha kwa jirani, kwako inapita. Toka Mei hadi Oktoba ni kiangazi. Wasukuma ni wakulima na ni wafugaji pia. Basi swali lao kubwa toka zamani ni hili: mwezi wa Septemba, majani yote yakisha kauka na kuliwa, ng'ombe atakula nini?

Wazee walikuwa na jibu. Mvua zikianza, walitenga kipande cha ardhi wakakifunga. Hawakujenga ua wala kuvuta waya. Kilifungwa kwa neno tu, na kila mtu akajua kwamba mifugo haiingii. Majani yakakua, yakakomaa, yakasimama hapo mpaka kiangazi kikali. Ndipo kikafunguliwa, na aghalabu walioingia kwanza walikuwa ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, yaani wale wasioweza kwenda mbali na kundi. Kipande hicho kinaitwa ngitili. Nyingine zilikuwa za familia, nyingine za watu wote.

Sasa, utaratibu mzuri namna hii ulipoteaje? Haukupotea kwa siku moja.

Kwanza walikuja mbung'o. Mdudu huyu huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Toka miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, na watu wakaitwa kukata mapori makubwa ili mdudu akose kivuli. Kazi hiyo ilikuwa na sababu yake, maana watu walipata nafasi ya kuishi na kufuga. Lakini miti ilikwenda.

Pili ilikuja pamba. Miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilipanuka upesi, majembe ya kukokotwa na ng'ombe yakaongezeka, na pesa ya pamba mara nyingi ikanunua ng'ombe wengine. Mashamba yakawa makubwa na makundi yakawa makubwa, lakini ardhi ni ile ile.

Tatu ilikuja amri. Kuanzia 1947 hivi, serikali ya kikoloni ilileta mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Watu waliamriwa kulima kwa matuta, kuweka samadi na kupunguza mifugo, na aliyekataa alitozwa faini. Angalia, ndugu msomaji: matuta ni kitu kizuri, na samadi ni kitu kizuri. Ubaya ulikuwa katika namna ya kuvileta. Mwananchi hakuulizwa. Basi shuruti ilipolegea mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi waliacha matuta siku hiyo hiyo. Ukimlazimisha mtu jambo jema, atalichukia pamoja na wema wake.

Nne ilikuja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Nia yake ilikuwa kuwaweka watu karibu na shule, zahanati na maji. Lakini aliyehamishwa kutoka kwenye mji wake aliiacha ngitili yake huko nyuma. Ardhi ambayo jana ilikuwa na mwenyewe, leo ikawa ya kila apitaye. Kumbuka pia kwamba halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972. Sheria ya mwaka 1975 iliunda halmashauri za vijiji, lakini nyingi zilikuwa changa, na zilizoea kupokea maagizo kuliko kutoa yao.

Matokeo yake yalionekana kwa macho. Vilima vilibaki vitupu, makorongo yakafunguka, na akina mama wakatembea nusu siku kutafuta kuni. Katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere aliitazama hali hiyo akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wanaujua kwa jina la HASHI, baadaye kwa msaada wa Norwe. Wakati huo ngitili zilizojulikana kubaki zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu.

Mwanzoni wataalamu walitia nguvu katika vitalu vya miche. Lakini mche katika nchi kavu unataka maji, na ng'ombe hajui kwamba huo ni mche wa mradi. Ndipo walipowasikiliza wazee. Chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, visiki vya migunga na miti mingine vilikuwa bado na mizizi hai. Ukizuia panga na ukazuia mifugo, vinachipua vyenyewe. Kumbe dawa ilikuwepo nyumbani, nayo ni ngitili.

Lakini nani afunge? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimerudi mwaka 1984, kwa sheria ya mwaka 1982. Kijiji kiliweza kukaa katika mkutano wake mkuu, kikatunga sheria ndogo, kikaipeleka wilayani ikathibitishwa. Na Wasukuma walikuwa na baraza lao la jadi, dagashida, ambako mambo yanazungumzwa mpaka watu wanapatana. Basi vijijini vitu hivi viwili vilishikana mkono. Dagashida ilileta mapatano na halmashauri ikaleta muhuri. Mipaka ikatajwa, faini ikatajwa, na siku ya kufungua ikatajwa. Ulinzi ukawa wa wote, pamoja na sungusungu.

Tusifiche jambo. Sungusungu walipoanza miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, mahali pengine walivuka mpaka, wakaadhibu watu bila haki. Kwa hiyo ulinzi nao unataka sheria juu yake. Mlinzi asiyeulizwa na mtu naye atakuja kuogopwa kama mwizi.

Je, kazi hiyo ilizaa nini? Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao sehemu yake kubwa sasa iko katika mkoa wa Simiyu. Mwaka 2002 Shinyanga ilikuwa miongoni mwa walioshinda tuzo la Umoja wa Mataifa liitwalo Equator. Lakini kwa mama wa kijijini, tuzo kubwa ni kuni kupatikana karibu. Kulikuwa na nguzo za kujengea, majani ya kuezekea, dawa za miti shamba, asali, na malisho ya maksai wa kulimia mvua zinapokaribia. Mahali pengine mazao ya ngitili ya kijiji yaliuzwa, na fedha ikasaidia shule na zahanati.

Matatizo hayakukosekana. Mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na asiye na ardhi akabaki kununua majani. Watoto wakirithi, kipande kinagawanywa mpaka hakina maana. Na mkaa unavuta macho. Kwa hiyo kijiji chenye ngitili ya wote lazima kiulize kila mara: je, maskini wetu anapata nini humu?

Sasa fikiria, ndugu mfugaji, mwaka wa ukame. Ni Julai tu, majani ya nje yamekwisha, ng'ombe wako wanalia, na ngitili iko pale imejaa majani hadi magotini. Siku ya kufungua ni mwezi ujao. Nani atakuzuia? Bwana mifugo anakaa mbali, na afisa wa mradi amekwisha ondoka. Atakayekuzuia ni jirani yako, kwa sababu ulikuwapo mkutanoni, ukanyosha mkono, na yeye alikuona. Waya unakatwa usiku. Neno ulilosema mbele ya watu haliwezi kukatwa upesi namna hiyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi nayo ni mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake. Hebu basi, mkutano mkuu wa kijiji chako utakapoitwa, nenda. Usimwachie mwenyekiti peke yake. Uliza: malisho yetu ya kiangazi yako wapi? Mipaka yake imeandikwa? Nani anafungua, na lini? Kama hakuna mwenye jibu, basi ajenda mmeipata. Ianzeni kabla ya mvua, maana ngitili hufungwa majani yakiwa bado mafupi.