Intavyuu ya kazi ya programu: kujitayarisha ukiwa Butembo ao Beni

Wanafunzi wengi wa informatike huku kwetu wanajiuliza kama kampuni kubwa zinaweza kuwapokea. Mlango umesogea karibu: Microsoft ilifungua kituo cha kutengeneza programu Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza cha kwake hapohapo Nairobi mwaka 2022. Lakini intavyuu zake ni ngumu, na diploma peke yake haitoshi.

Namna inavyopita
Kwanza wanasoma CV. Kisha unafanya mtihani kwa intaneti, ao unaongea na injinia kwa video, dakika 45 hivi. Ukishinda, zinafuata intavyuu zingine kadhaa: kuandika programu, kupanga mfumo mkubwa, na namna unavyofanya kazi na wenzako.

Swali linafanana na nini?
Mfano: una bei 1 000 za soko. Tafuta bei mbili zinazofanya jumla ya dola 50. Ukilinganisha kila bei na zingine zote, unaweza kufika mara 499 500. Lakini ukiandika pembeni kila bei uliyokwisha kuona, unapita kwenye orodha mara moja tu. Tofauti hiyo ndiyo wanapima. Kwa hiyo soma vizuri orodha, jedwali, miti na grafu, na chagua lugha moja, kama Python ao Java.

Mazoezi
Fanya maswali mawili kila siku kwa miezi mitatu. Pakua masomo wakati mega ziko, ufanye kazi bila intaneti. Andika kwenye karatasi pia, kurani ikikatika. Mwenzako akuulize, na wewe eleza kwa sauti unachofikiri: injinia hawezi kupima mtu anayenyamaza. Fanya hivyo kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya intavyuu nyingi.

Siku yenyewe
Angalia saa! Nairobi inatutangulia saa moja: 10:00 ya kule ni 9:00 ya huku. Chaji betri, tayarisha laini ya pili ya simu. Laini zote zikikatika, andikia kampuni mara moja, omba siku nyingine.

Jambo la mwisho: kampuni ya kweli haikuombi pesa ya intavyuu wala ya dosie. Akikuomba hata dola 20, huyo ni mwizi. Usitume kitu.