Kasha la Kamera ya Chini ya Maji: Kutoka Sanduku Lililovuja hadi Jaribio la Pampu

Kasha la kamera ya chini ya maji hufanya kazi mbili: huzuia maji yasipenye, na huhimili mgandamizo unaolibana kutoka kila upande. Mgandamizo huo huongezeka kwa takriban angahewa moja kila mita 10 za kina. Kwa hiyo kasha lililo mita 30 chini hubanwa na angahewa nne: moja ya hewa iliyo juu ya bahari, na tatu za maji. Tangu karne ya 19 mafundi wamehangaika na swali moja: mzamiaji atajuaje kwamba kasha halivuji, na atajua lini?

Mwaka 1856, katika ghuba ya Weymouth, Mwingereza William Thompson alifunga kamera ndani ya sanduku lenye kioo mbele, akaliteremsha hadi kina cha mita 5.5 hivi huku yeye mwenyewe akibaki mashuani. Alifungua kizibo cha mwanga kwa kuvuta kamba, akaacha bamba la picha lipate mwanga kwa dakika 10. Sanduku lilipopandishwa lilikutwa limeingia maji, ingawa picha hafifu ilisalimika. Wakati huo uvujaji ulijulikana baada ya kazi kwisha.

Mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer, Ufaransa, mwanabiolojia Louis Boutan alizama na kasha la shaba lililobuniwa na ndugu yake Auguste, aliyekuwa mhandisi. Kasha hilo liliunganishwa na mfuko wa mpira uliojaa hewa. Lilivyozidi kushuka ndivyo maji yalivyoubana mfuko na kusukuma hewa yake ndani ya kasha, hata mgandamizo wa ndani ukalingana na wa nje. Maji yakakosa nguvu ya kujipenyeza kwenye maungio.

Filamu ilileta njia nyingine. Mwaka 1914, huko Bahamas, John Ernest Williamson alitumia chumba cha chuma chenye dirisha la kioo, kilichoning'inizwa chini ya chombo kwa bomba pana. Mpigapicha alikaa humo akivuta hewa ya kawaida, kamera ikabaki kavu, lakini haikuweza kumfuata samaki. Kamera iliyoogelea pamoja na mzamiaji ilihitaji kasha dogo. La namna hiyo lilitengenezwa na fundi Léon Vèche kwa ajili ya filamu ya kwanza ya chini ya maji ya Jacques Cousteau, iliyopigwa mwaka 1942.

Kifaa kilichobadilisha hesabu yote ni pete ya mpira ambayo mafundi huiita oringi. Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, alipata hataza yake mwaka 1939. Pete hukaa ndani ya mfereji kati ya sehemu mbili za kasha. Maji yanapoisukuma hujibana kwenye ukuta wa mfereji na kuziba zaidi, hivyo kina kinaisaidia. Udhaifu wake ni uchafu: unywele mmoja au punje ya mchanga juu ya pete hutosha kufungulia maji njia. Ndiyo sababu pete husafishwa, hukaguliwa na kupakwa grisi nyembamba ya silikoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilianza kuuzwa Calypso, kamera ya picha za mnato iliyobuniwa na Mbelgiji Jean de Wouters, ambayo bodi yake yenyewe ilizuia maji. Nikon iliichukua, na mwaka 1963 ikaitoa kwa jina la Nikonos. Kamera za video zilipoenea katika miaka ya 1980, njia hiyo haikuzifaa sana. Modeli zilibadilika upesi, kila moja ikitaka kasha la umbo lake, na kila kitufe kilihitaji kijiti kinachopita ukutani kikiwa na oringi yake.

Wanunuzi wakawa na chaguo mbili kuu. Plastiki angavu ni ya bei nafuu, na humwezesha mzamiaji kuona tone la kwanza la maji. Ila hupinda kina kikizidi. Alumini ni ghali, lakini huhimili kina kikubwa na hupitisha joto la kamera nje. Dirisha la lenzi nalo huchaguliwa: kioo bapa hukuza vitu kwa takriban theluthi moja na kupunguza upana wa picha, ilhali kioo cha kuba huuhifadhi upana huo.

Baadaye vihisi vya unyevu vilianza kuwasha taa au kupiga kengele maji yakiingia, na mzamiaji akapata nafasi ya kupanda haraka. Jaribio la pampu limesogeza habari hiyo nyuma zaidi. Hewa hufyonzwa kutoka ndani ya kasha lililofungwa, kisha husubiriwa kuona kama mgandamizo wa ndani utabaki palepale. Ukipanda, pana tundu, na kasha hufunguliwa likiwa bado nchi kavu.

Baadhi ya kamera ndogo za leo hazihitaji kasha karibu na uso wa maji: GoPro HERO5 ya mwaka 2016 iliruhusiwa kuzama mita 10 bila kasha. Chini ya kina kilichoruhusiwa kwa kamera, kasha na oringi zake bado zinahitajika.