Mkuu Huhama, Karani Hubaki

Juzi nilifuata barua ya utambulisho ofisi ya serikali ya mtaa, hapa Butimba, Mwanza. Mwenyekiti hata kitambulisho hakuulizia. "Mwangaluka, mwanangu. Si wewe wa ile nyumba ya karibu na njia ya gereza?" Akapulizia mhuri pumzi, akagonga. Mkuu wa Mkoa hawezi kunijua hivyo. Rais humteua, humhamisha, na mara nyingi huwa mgeni mkoani.

Korea ya utawala wa Joseon (1392–1910) iliufanya ugeni huo kuwa sheria. Tangu 1413 nchi ilikuwa na mikoa minane, kila mmoja na gwanchalsa wake, yaani gavana, naye hakupangiwa kwao. Sheria za 1485 zilimpa, katika mikoa mingi, siku 360 tu. Mara mbili kwa mwaka aliwapima mahakimu wa wilaya, na taarifa ikaenda Seoul. Mfalme aliogopa gavana mwenye mashemeji kila kijiji. Hofu ya busara.

Lakini shamba lipi ni la nani? Hilo walilijua hyangni, makarani wa kurithishana, wazaliwa wa palepale, waliofanya kazi bila mshahara wa kudumu. Wengi walijilipa kupitia madaftari ya kodi. Msomi Jeong Yak-yong, aliyeonja miaka mingi ya uhamishoni, aliandika Mongmin simseo, mwongozo wa hakimu wa 1818, na humo hachoki kumwonya juu yao.

Usukuma ulikwenda kinyume. Ntemi, mtawala wa jadi, hakuhamishwa. Mvua ilikuwa shingoni mwake, na ukame ungeweza kumng'oa kitini. Seoul ilipima mtawala kwa taarifa, Wasukuma kwa mawingu. Mwingereza akamfanya ntemi mkusanya kodi, na kipimo kikahamia kwa mkuu wa Jimbo la Ziwa, aliyekaa Mwanza. Mwaka 1963 sheria ikafuta mamlaka ya watemi. Wakuu wa mikoa walikuwa wameshaanza kazi 1962. Hivyo tukaingia njia ya Joseon bila kusoma hata ukurasa wake mmoja. Mgeni hana shemeji wa kumpendelea, sawa. Wala hana bibi wa kumuuliza mpaka wa shamba ulipita wapi.

Mwenyekiti wangu anajua mipaka yote kama hyangni, ila yeye hupigiwa kura kila miaka mitano. Nadhani ndiyo sababu alinisindikiza hadi mlangoni. "Msalimie mama. Ule mguu umepona?"