Tundu la Mabati na Chumba cha Giza: Je, Kweli Ibn al-Haytham Ndiye Aliyevumbua Kamera?



Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, umeshapita Emali na Simba na hujafika Makindu, unapita Kiboko. Wengi hawasimami isipokuwa dereva akitaka chai au abiria akitaka maembe. Wale tuliosoma madrasa ya mabati huku Makueni tunajua jambo moja ambalo msafiri hajui. Mabati yakizeeka, misumari inalegea na kuacha matundu, na saa nne asubuhi sakafu inajaa duara za mwanga. Sisi tulikuwa tukizikinga kwa viganja huku ustadh akitusomesha. Kumbe tulikuwa tumeshika jua mkononi!

Si maneno ya kutia chumvi. Angalia tundu lenyewe: limechanika ovyo, mara lina pembe tatu, mara ni kama mpasuko. Lakini mwanga wake ukifika chini ni duara safi. Kwa nini? Kwa sababu kile si kivuli cha tundu, ni picha ya jua. Paa likiwa mita 3 juu, duara lile lina upana wa kama sentimita 3, unaokaribia sarafu ya shilingi 20. Paa likipandishwa, duara linakua nalo.

Asiyeamini akumbuke Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2010, jua lilipopatwa asubuhi hapa Kenya. Watu wa Nairobi waliliona likibaki pete. Wengi walikuwa wakitazama juu, jambo la hatari kwa macho, na mimi nikatazama chini ya mwembe. Mianya ya majani ilikuwa imemwaga mamia ya hilali ndogo kwenye vumbi, kila moja imepinda vilevile. Jua limemegwa, na picha zake zimemegwa nalo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka michache baadaye niliombwa kuzungumza na vijana usiku mmoja wa Ramadhan, baada ya tarawehe. Nikasimama na kusema kwa sauti kubwa kwamba kamera ni uvumbuzi wetu sisi Waislamu, Ibn al-Haytham ndiye aliyeivumbua, na hata neno lenyewe “kamera” limetoka kwa Kiarabu “qamara”. Watu wakaitikia takbir. Tulipokuwa tukivaa viatu, msichana mmoja wa sekondari akaniuliza kwa adabu: “Ustadh, hiyo kamera yake ilitumia filamu gani?” Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na niliyoyakuta ndiyo ninayokuletea hapa.

Kwanza, neno. “Camera” ni Kilatini, maana yake chumba, na Walatini walilipata kwa Wayunani. Johannes Kepler, Mjerumani mwanafalaki, ndiye aliyeandika “camera obscura”, yaani chumba cha giza, mwaka 1604, na dunia ikabaki na nusu ya jina. Ile habari ya “qamara” ni ya kufananisha sauti tu.

Pili, jambo lenyewe la mwanga kupita tunduni lilijulikana karne nyingi kabla ya Uislamu. Wafuasi wa Mozi kule China waliliandika. Wanafunzi wa Aristotle waliuliza swali lile lile la madrasa yetu, kwa nini jua likipita kwenye tundu la pembe nne linatoa duara. Al-Kindi wa Baghdad naye aliandika juu ya miale kabla Ibn al-Haytham hajazaliwa. Na mashine ya kupiga picha na kuihifadhi haikuwepo hadi karne ya 19. Kwa hiyo hapana, hakuvumbua kamera.

Basi alifanya nini? Hapa ndipo nilipoona aibu, kwa sababu alichofanya ni kikubwa kuliko kile nilichokuwa nikimsifia.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra mnamo 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Alihamia Misri zama za khalifa al-Hakim wa Kifatimi. Wanahistoria husimulia kwamba alikuwa amedai anaweza kuyatawala maji ya mto Nile, akaenda kuuona, akatambua haiwezekani, na kwa kumwogopa khalifa akajifanya mwendawazimu mpaka al-Hakim alipoondoka duniani mwaka 1021. Wengine wanaitilia shaka hadithi hiyo. Lakini kitabu hakina shaka: Kitab al-Manazir, juzuu 7 juu ya mwanga na kuona, aliyoyaandika miaka ya mwanzo ya karne ya 11.

Zama zile mabingwa wa hesabu waliomfuata Euclid na Ptolemy walisema jicho linatoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Yeye akasema mwanga ndio unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Hakuishia kusema, akapima. Chukua taa kadhaa, anasema, uzipange sehemu mbalimbali mbele ya tundu linaloingia mahali penye giza. Ndani, ukutani, utaona madoa ya mwanga sawa na idadi ya taa. Funika taa moja: doa moja linatoweka, yale mengine yako palepale. Funua: linarudi mahali pake. Maana yake nini? Taa zote zimepita katika tundu moja kwa wakati mmoja, zimekatana njia, na hakuna iliyochanganyika na mwenzake. Kila nuru imeshika mstari wake.

Jaribu leo kwa tochi tatu na boksi. Litakuchukua dakika 5, na utakuwa umerudia kazi ya miaka elfu moja iliyopita.

Aliandika pia risala maalumu juu ya umbo la kupatwa kwa jua. Aliuliza: kwa nini jua lililomegwa linatoa hilali likipita kwenye tundu dogo, lakini mwezi mwandamo haufanyi hivyo katika tundu lile lile? Akaonyesha kwa hesabu kwamba yote yanategemea upana wa tundu. Tundu likiwa pana, kila nukta ya jua inatupa doa kubwa, madoa yanapandana, umbo linapotea. Hii ndiyo siri ya kamera ya tundu mpaka leo. Na alikuwa na makosa yake pia: hakukubali kwamba ndani ya jicho picha inakaa kichwa chini. Hilo alilisema Kepler, ambaye alikuwa akijenga juu ya elimu iliyotoka kwa huyu huyu, maana kitabu chake kilikuwa kimeshatafsiriwa kwa Kilatini mnamo mwaka 1200 na kupigwa chapa mjini Basel mwaka 1572.

Kilichokuwa kinakosekana ni kitu cha kuishika ile picha ukutani. Hicho kilipatikana Ufaransa na Uingereza. Mwaka 1839 Daguerre alitangaza mabamba yake ya fedha, na Talbot karatasi zake. Baadaye George Eastman wa Marekani akaleta kamera ya Kodak mwaka 1888, na mwaka uliofuata akaanza kuuza filamu ya plastiki inayokunjika. Na hapa kuna kisa cha makasi kinachonifurahisha: William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi kwa Edison, alichukua filamu ya Eastman ya upana wa milimita 70 akaipasua katikati. Ikawa 35. Filamu zilizokuwa zikiuzwa katika studio zetu zote za picha mpaka simu zilipoingia, zile za kujikunja ndani ya mkebe mdogo, upana wake ni ule ule wa Dickson.

Hata kamera yenyewe si lazima itoke kiwandani. Flinders Petrie, aliyekuwa akichimba mambo ya kale Misri miaka ya 1880, alipiga picha kwa kamera za tundu alizojitengenezea. Na Mohamed Amin wetu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitingisha dunia, alianza utotoni na kamera ya Brownie, ambayo si chochote ila sanduku lenye kioo kimoja.

Basi Ramadhan moja tukasema na sisi tujaribu. Tulichukua mkebe wa maziwa ya unga, tukaupaka rangi nyeusi isiyong'aa ndani. Ubavuni tukakata dirisha dogo, na juu yake tukabandika kipande cha bati laini la mkebe wa soda tulichokitoboa kwa ncha ya sindano nyembamba. Hapo usiwe na pupa! Zungusha sindano taratibu, geuza, sugua mikwaruzo kwa msasa laini, rudia. Kwa mkebe wa kina cha sentimita 10, tundu liwe kama milimita 0.4 hivi. Mlango wa tundu ni tepu nyeusi ya mafundi wa umeme.

Kazi ngumu ni kukata filamu. Karatasi ya picha unaweza kuikata chini ya taa nyekundu, lakini filamu inaona rangi zote, hata nyekundu, hivyo ni giza totoro au hakuna. Tulingoja usiku, tukaziba dirisha kwa blanketi na mlango kwa mkeka, tukakaa dakika kumi kuona kama kuna mwanga unaopenya. Ulikuwepo. Tundu la msumari, na mwezi nje! Tukaliziba kwa unga wa chapati uliobaki.

Kwanza tulifanya mazoezi mchana kwa filamu iliyoharibika, macho yamefungwa kwa kitambaa. Tulikata kigezo cha boksi gumu kinachoingia ndani ya mkebe sawasawa, kwa sababu gizani huna rula, una vidole tu. Unalaza filamu juu ya kigezo, unashika pembeni bila kugusa katikati, unafuata ukingo kwa makasi. Makasi ni salama kuliko wembe, muulize kijana aliyekuja kula daku na kidole kimefungwa kitambaa. Halafu lazima ujue upande wenye dawa, kwani huo ndio unaotazama tundu. Filamu hujikunja kuelekea upande wa dawa, na ukigusa kona kwa kidole chenye unyevu, upande huo unanata. Na vumbi la Kiboko mnalijua. Kila chembe iliyokaa juu ya filamu itakuwa doa kwenye picha.

Filamu ya kawaida ingetaka sekunde chache tu juani. Siku ya pili, baada ya Alasiri, tulitumia karatasi ambayo ni nzito kuona, na jua lilikuwa limeanza kupungua, kwa hiyo tukahesabu dakika mbili. Mkebe uliwekwa juu ya jiwe, ukiutazama msikiti na barabara ya Mombasa nyuma yake.

Hapo kukazuka mjadala, na sikushangaa. Mzee wetu mmoja, ambaye tangu nimjue hapendi picha ya kiumbe, alituuliza tunafanya nini nje ya msikiti. Suala hili ni la zamani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala akisema picha ya kamera si kuumba umbo bali ni kukizuia kivuli tu. Wanachuoni wengine hawakukubaliana naye, na watu wa pwani yetu wamelijadili hilo miaka mingi, hasa kuhusu picha za wanawake. Sikutaka kumshinda mzee kwa fatwa. Nilimwonyesha mkebe. Akauchungulia, akaugeuza, akauliza, “Kioo kiko wapi?” Nikamwambia hakuna kioo, Babu, ni tundu tu kama la mabati yako. Akacheka, akasema basi piga, lakini mimi msinitie. Akashika fimbo yake akapita mbele yetu kwenda kutia udhu, na tepu ilikuwa imeshafunguliwa.

Usiku, baada ya tarawehe, tukaisafisha karatasi kwa dawa, kisha dawa ya pili ya kuizuia isiendelee kuwa nyeusi, kisha maji. Ikatoka negativu: mbingu nyeusi, kivuli cheupe. Tukaigandamiza juu ya karatasi nyingine, tukamulika, na picha ikageuka sawa. Msikiti ulikuwepo, paa lake, tangi la maji, mgunga. Barabara ilikuwepo pia, lakini tupu kabisa. Malori yote ya saa ile, na mabasi, na pikipiki, hakuna hata moja lililosimama muda wa kutosha kuacha alama. Tukamtafuta mzee kati ya mlango na birika. Hakuwepo.

Asubuhi yule msichana aliyeniuliza kuhusu filamu, ambaye sasa ni mwalimu, alimpelekea ile picha. Mzee aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

“Na mimi nilipita hapa,” akasema.

“Ulipita, Babu.”

Akaomba abaki nayo.